Dakika ya Arobaini na Moja

Katika nchi moja ambayo jina lake bado linajadiliwa kamatini, lilikuwepo jengo la ghorofa saba lililoitwa Makao ya Uratibu. Jengo hilo lilisifika kwa utaratibu wake wa asubuhi. Saa mbili haikufika mpaka mkubwa wa ghorofa awe amefika. Akishatia mguu mlangoni, katibu muhtasi wake alisimama, akaiweka kompyuta saa mbili kamili, na meza zote za ghorofa hiyo zikafuata.

Mkubwa wa ghorofa ya kwanza alikuwa mtu wa kukosa usingizi, akawahi jogoo. Mkubwa wa ghorofa ya tatu alikuwa na wake wawili na banda la kuku elfu moja, akafika jua likiwa limeshapanda. Hivyo mtu aliyepanda ngazi kutoka ghorofa ya kwanza kwenda ya tatu aliondoka saa tano akafika saa tatu na robo, na gazeti la serikali liliwahi kuandika kwamba hiyo ndiyo kasi ya maendeleo inayozungumzwa.

Hapo ndipo alipoajiriwa Tausi Ngaeje, mwenye miaka ishirini na mitatu, shahada ya mitandao ya kompyuta, na viatu vipya vilivyombana. Jengo lilikuwa na kompyuta mia tatu na kumi na mbili, na hazikupatikana ghorofa mbili zilizosema saa ileile. Tausi hakucheka. Aliona huruma, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ambamo ndugu hawasemeshani. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba watu wakishakubaliana saa ni ngapi, mengine watayazungumza.

Mpango wake ulijaa kurasa mbili. Seva moja, chini kwenye chumba cha baridi, ingeuliza saa kwa setilaiti. Kompyuta zote zingeuliza saa kwa seva, na saa za ukutani zingeunganishwa nayo moja kwa moja kwa waya. Amri ingetoka mahali pamoja na kufika kila meza, na hakuna katibu ambaye angeweza tena kuigusa saa kwa mkono. Tena kompyuta itakayoachana na seva kwa zaidi ya dakika tano, seva ingekataa kuitambua, na mwenye kuitumia asingeweza kuingia mpaka fundi aje airekebishe. Kifungu hicho cha mwisho Tausi alikipenda kuliko vyote. Alikisoma tena usiku kabla ya kulala.

*

Aliyemfanya aharakishe ni Bi. Hidaya, mama wa chai.

Bi. Hidaya alipita na birika ghorofa zote saba, na kwa kuwa kila ghorofa ilikuwa na saa nne yake, alichemsha chai ya saa nne mara saba kwa siku bila malalamiko. Siku moja aliiweka chini trei kwenye chumba cha seva, akakaa bila kukaribishwa.

"Mwanangu, nasikia wewe ndiye unayeunganisha saa," alisema. "Utamaliza lini?"

Ikatoka habari ya kaka yake, Mwalimu Kondo. Mwalimu alikuwa amewatoa watoto wa darasa la nne uwanjani, akasimamisha kijiti, akawaonyesha kwamba kivuli kikiwa kifupi kabisa, hiyo ni saa sita mchana. Kengele ya shule wakati huo ilikuwa inagonga saa nne. Mtoto mmoja alikwenda kumsimulia baba yake, na baba yake alikuwa mtu wa kuandika ripoti. Mwalimu akashtakiwa kwa kosa la kuitangulia Serikali, akahukumiwa miaka kumi na miwili kwenye machimbo ya chumvi. Angeondoka Ijumaa, saa sita kamili, kwa lori.

Sheria ilimpa haki ya kukata rufaa mara tatu. Rufaa ikishapokelewa, mfungwa hurudi nyumbani kungoja kusikilizwa, na kesi za nchi ile zilisikilizwa polepole kiasi kwamba wengi walizeeka kwa amani wakingoja. Tatizo lilikuwa kupokelewa. Rufaa zilichapwa ghorofa ya kwanza na kupokelewa Masijala, ghorofa ya tatu. Ya kwanza ilichapwa saa nne na nusu, ikapokelewa saa tatu kasorobo. Karani wa Masijala, Mzee Ndimbo, mtu mwenye heshima na miwani miwili, aliirudisha na maelezo kwamba karatasi haiwezi kupokelewa kabla ya kuandikwa, na kwamba huo ni ughushi. Ya pili nayo ikawa hivyohivyo.

"Ikikataliwa ya tatu, hairudi tena," alisema Bi. Hidaya. "Nimemwambia karani, baba, mimi nimepanda ngazi kwa miguu yangu. Akaniambia miguu si kielelezo."

Tausi alimshika mkono. Akamwambia asipeleke ya tatu mpaka saa ziwe moja, na kwamba zitakuwa moja kabla ya Ijumaa. Alisema hivyo kwa sababu alikuwa hajawahi kukaa kwenye kamati.

*

Kamati ya Chanzo cha Wakati iliongozwa na Mkurugenzi, Mheshimiwa Dakta Sospeter Lugongo, ambaye alifungua kikao kwa hotuba ya saa nzima kuhusu thamani ya dakika. Kisha akauangalia ukurasa wa kwanza wa mpango, akaishia kwenye neno setilaiti.

Aliuliza setilaiti hiyo ni ya nani. Tausi akasema ni ya wote, inazunguka juu. Mheshimiwa akawageukia wajumbe na kuwauliza kama taifa huru linaweza kuagiza wakati kutoka nje kama mitumba. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa uchungu. Mmoja akasema babu zetu hawakufa ili sisi tuombe dakika. Ikapigwa kura, na ikaamuliwa kwamba seva itauliza saa mahali pamoja tu panapostahili kuulizwa, yaani mkono wa kushoto wa Baba Mlezi wa Taifa.

Tausi alifikiri kidogo. Saa ya Baba Mlezi ilikuwa nyuma ya jua kwa dakika nyingi tu, kila mtu alijua. Lakini ingekuwa moja. Saa moja yenye kosa, kwa wote, ingempeleka Mwalimu Kondo nyumbani sawasawa na saa ya kweli. Akakubali, akijiambia kwamba ya kweli itafuata baadaye.

Jumatano Baba Mlezi aliivua saa yake mbele ya wananchi na kuikabidhi kwa taifa. Ikawekwa Ikulu kwenye mto wa mahameli mwekundu, ndani ya kabati la kioo, mbele ya kamera iliyosoma mishale yake na kuituma kwenye seva. Kabati likafungwa kwa kufuli tatu. Aliteuliwa Kapteni wa kuilinda, na ikatungwa amri fupi kwamba mtu yeyote atakayeigusa Saa Kuu atakuwa amemshika Baba Mlezi mkono bila ruhusa. Seva nayo iliamriwa isisogee mbele ya Saa Kuu hata sekunde.

Alhamisi ikatangazwa sikukuu ya kushangilia jambo hilo, na ofisi zote zikafungwa.

*

Ijumaa asubuhi kompyuta mia tatu na kumi na mbili zilisema saa moja, ileile, ghorofa zote. Tausi alipanda na kushuka ngazi akizitazama, machozi yamemlengalenga. Makatibu muhtasi walikaa mikono mapajani, wamepokonywa kazi.

Foleni ya kuchapa rufaa ilikuwa ndefu. Bi. Hidaya alifikiwa saa tano na dakika thelathini na tisa. Karatasi ikatoka, ikapigwa muhuri wa ghorofa ya kwanza saa tano na dakika arobaini, akaikumbatia, akapanda ngazi sabini na mbili bila kupumzika. Uani, chini ya jua kali, lori lilikuwa limeshawashwa. Mwalimu Kondo alikaa nyuma peke yake, kwa maana wiki hiyo hakuna mwingine aliyeitangulia Serikali.

Mzee Ndimbo aliisoma karatasi kwa miwani ya kwanza, kisha kwa ya pili. Akaitazama kompyuta yake. Saa tano na dakika arobaini.

"Imeandikwa dakika ya arobaini, na wewe unaileta dakika ya arobaini," alisema. "Ngazi ni sabini na mbili, mama. Na umri wako naujua."

"Nimekimbia, baba."

"Sitaki kukuharibia. Ni ya mwisho hii. Nikiipiga muhuri hivi, wakaguzi wataikataa. Kaa hapo benchini, ingoje ya arobaini na moja."

Bi. Hidaya akakaa. Alingoja muda ambao chai ingeweza kuchemka, ikanywewa, na vikombe vikaoshwa. Ilikuwa bado saa tano na dakika arobaini.

*

Chini kwenye chumba cha baridi, Tausi alikuwa ameshaona. Alichunguza seva, akachunguza waya, vyote vilikuwa vizima. Akapiga simu Ikulu, akampata Kapteni, akauliza kwa adabu kama Saa Kuu imesimama.

Kapteni alisema haijasimama. Imetulia.

Tausi akauliza ina betri ya aina gani. Kapteni akajibu kwa fahari kwamba haina betri wala haitiwi ufunguo. Ni saa ya gharama, inajiendesha kwa mwendo wa mkono wa aliyeivaa. Basi Tausi akaelewa, na baridi ya chumba kile ikamwingia mifupani. Ilikuwa imelala juu ya mahameli tangu Jumatano. Hakuna mkono uliokuwa umeitikisa.

"Afande, mtu aivae tu, atembee nayo kidogo ukumbini. Itaondoka yenyewe."

Upande wa pili ikasikika droo ikifunguliwa.

"Mkono wa nani, binti?" aliuliza Kapteni. "Nitajie jina nilisikie vizuri. Nina kalamu hapa."

Tausi akakata simu.

Angeweza kuielekeza seva kwenye setilaiti kwa kuandika mstari mmoja. Lakini jua lilikuwa limeshapita utosini zamani. Saa ya kweli ilikuwa inakimbilia saa nane. Akiileta saa ya kweli, saa sita ingekuwa imepita, lori lingeondoka, na rufaa iliyo mikononi mwa Bi. Hidaya ingekuwa karatasi ya kufungia karanga. Asipofanya lolote, Mwalimu angekaa kwenye lori mpaka jua limmalize, bila kuondoka wala kurudi. Kilichohitajika ni dakika moja. Zisifike ishirini, zisipungue moja.

Juu, watu walikaa mezani na kuitazama saa ya ukutani. Chakula cha mchana kilikuwa saa saba. Matumbo yalisikika kutoka meza hadi meza. Hakuna aliyesema ana njaa, kwa sababu kuwa na njaa ya saa tisa saa tano na dakika arobaini ni kumtangulia mtu. Dada mmoja wa uhasibu alizimia, na wenzake wakaandika kwamba amesinzia.

*

Mheshimiwa Lugongo alishuka mwenyewe chumba cha seva, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifunga mlango. Uso wake ulikuwa umepauka, na mkononi alikuwa na ganda la pipi alilokuwa amelilamba mpaka likang'aa.

Alianza mbali. Alisifu ujana, akasifu elimu. Kisha akasema kwamba yeye hamwagizi mtu kitu, anauliza tu, kama mzazi, je, kitaalamu, saa saba inaweza kufika?

"Inaweza, Mheshimiwa. Kuna njia mbili," alisema Tausi. "Kuruka na kusogea. Nikiirusha mpaka saa saba, kompyuta zote zitakuwa zimebaki nyuma ya seva kwa zaidi ya dakika tano. Seva haitazitambua. Hata ya kwako."

"Mimi haitanitambua?"

"Hapana. Kusogeza ni dakika moja moja. Dakika moja haimfungii mtu nje."

Kila neno lilikuwa kweli, na Tausi alishangaa kwamba kweli inaweza kumtetemesha mtu namna ile. Mheshimiwa aliangalia dari.

"Mimi nimeuliza tu," alisema, akatoka.

Tausi alimpigia simu Mzee Ndimbo, akamwomba aitazame kompyuta yake na asipepese. Kisha akaandika amri, akasali kidogo, akabonyeza. Kwenye kuta za ghorofa zote saba, arobaini ikawa arobaini na moja. Pumzi za watu zilisikika zikitoka jengo zima.

Masijala, muhuri ulishuka. Imepokelewa, saa tano na dakika arobaini na moja. Bi. Hidaya aliinyakua stakabadhi kabla wino haujakauka na kushika ngazi kuelekea uani.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Kapteni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona jini. Alisema Saa Kuu inasoma arobaini. Alisema kuna jengo zima, lenye watumishi mia tatu na kumi na wawili, ambalo limemwacha Baba Mlezi nyuma kwa dakika nzima.

*

Mheshimiwa Lugongo alikuwa wa kwanza kushtuka hadharani. Aliamuru saa irudishwe arobaini mara moja, nayo ikarudishwa, na Tausi ndiye aliyeirudisha, kwa mikono yake, mbele ya wanajeshi wawili. Kisha Mheshimiwa akaketi ofisini kwake kuandika hati ya kumkamata. Hapo akakwama.

Kosa lilitendeka saa tano na dakika arobaini na moja. Sasa ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Aliita mwanasheria, na mwanasheria akathibitisha kwa masikitiko kwamba mtu hawezi kukamatwa kwa kosa ambalo wakati wake haujafika. Baada ya mashauriano hati ikaandikwa hivi: mtuhumiwa akae chini ya ulinzi kwenye kiti chake, na akamatwe itakapofika saa tano na dakika arobaini na moja, si kabla, si baada.

Basi Tausi akakaa mbele ya seva, na wanajeshi wawili nyuma yake, Koplo mrefu na mwenzake aliyekuwa na mafua. Wote watatu waliitazama namba ile ukutani. Koplo alikuwa na pingu mkononi, na kila mara alizihamisha kutoka mkono huu kwenda ule, kwa kuwa zililowa jasho hata kwenye baridi ile.

Tausi hakufikiria pingu. Aliifikiria stakabadhi. Uani kulikuwa na Sajini wa lori, na stakabadhi ilikuwa ya dakika ambayo haijafika. Angesema nini?

Alikuja kujua Bi. Hidaya alipoingia na birika, trei ikigongana. Wanajeshi walimruhusu amimine. Akainama karibu na sikio la Tausi, akaongea huku akikoroga sukari. Sajini alikuwa ameigeuza stakabadhi mara tatu. Aliiangalia saa, akaiangalia karatasi. Akasema karatasi iliyotoka mbele ya wakati haiwezi kuwa imetoka kwa mtu mdogo. Akapiga saluti, akamshusha Mwalimu kwenye lori kwa kumshika kiwiko, akamwomba radhi kwa jua.

"Ameshatoka getini, mwanangu," alinong'ona Bi. Hidaya. "Nimemwona kwa macho yangu akikunja kona. Hata hakugeuka. Kunywa chai."

Tausi alikunywa yote, ikiwa ya moto vile vile. Alifikiria watu mia tatu waliokaa juu na njaa yao. Alifikiria yule dada wa uhasibu. Kukaa hivi kungemweka salama milele, kwa gharama ya kila mtu, na yeye hakusomea hivyo.

"Afande," alimwambia Koplo, "nitaandika mstari mmoja."

Koplo alimtazama mwenzake. Hati haikusema chochote kuhusu kuandika. Tausi alielekeza seva kwenye setilaiti, akabonyeza, akanyoosha mikono yote miwili ili afungwe.

Ukutani, arobaini ilipotea. Ikaja saa tisa na dakika thelathini na mbili.

Kisha, juu yao, kiti kimoja kilikwaruza sakafu, kikafuata kingine, halafu vyote, ghorofa juu ya ghorofa, na miguu ikaanza kumiminika kwenye ngazi, kwa sababu saa tisa na nusu ni saa ya kwenda nyumbani.

Koplo aliisoma hati, kidole kikitambaa chini ya maneno.

"Hapa imeandikwa arobaini na moja," alisema. "Iko wapi?"

"Tumeiruka, afande."

Alimpigia simu Mheshimiwa kuomba mwongozo. Tausi alisikia sauti ya Mkurugenzi ikitoka kwenye simu, ndogo na ya kulia, ikisema kompyuta yake imekataa kumtambua, ameandika jina lake mara nne pamoja na udaktari wake na bado inamwambia hajulikani, na bila kompyuta hati nyingine haiwezi kutoka. Koplo akakata.

"Nani anayezifungua hizo?"

"Mimi," alisema Tausi. "Jumatatu."

Koplo aliikunja hati na kuitia mfukoni. Alikuwa bado anaitazama saa ya ukutani, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Dada, hiyo ni ya kweli? Ya jua?"

"Ya kweli."

"Mtoto wangu wa chekechea hutolewa saa tisa," alisema. "Husimama getini peke yake." Akamtupia mwenzake pingu. "Nimechelewa."

Alilitamka neno hilo kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu cha marehemu babu yake, kisha akatoka mlangoni, na buti zake zikasikika zikipanda ngazi mbilimbili, zikaenda kuwapita watu wote mlangoni.